Nafasi Moja ya Mke

Nasikia siku hizi mnajaza fomu za Ulaya kwenye kompyuta, na ukikosea mahali pamoja mashine inakukatalia papo hapo na kukuwekea maandishi mekundu. Mna bahati. Fomu zetu zilikuwa karatasi tu, na karatasi hukubali kila kitu. Ilikubali upuuzi wangu wote, ikapigwa muhuri, ikapanda ndege ikaenda zake.

Mliniomba, ninyi mlioajiriwa juzi katika ofisi za mipango za Homa Bay na Migori, niwaandikie kuhusu kazi ya kuwaunganisha watu wetu na wafadhili wa Ulaya. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kati yenu kuna Wajaluo, Wakuria na wengine waliotoka mbali. Hotuba sina. Nitawaeleza kosa langu moja. Mkitaka mafanikio, kamtafuteni mtu mwingine, wastaafu wenye mafanikio wamejaa tele na hawahitaji kubembelezwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa na mfuko wao wa kuendeleza mashamba, na mfuko huo ulikuwa na sera, na sera hiyo ilitufikia Homa Bay ikiwa kitabu kinene chenye harufu ya dukani. Cheo changu kilikuwa karani mratibu. Kwa lugha ya kawaida maana yake ni hii: nilisoma Ulaya inataka nini, nikapanda baiskeli kwenda kusikia watu wanataka nini, halafu nikatafuta mahali ambapo haya mawili yanaweza kukutana bila kugombana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na suruali mbili zilizopigwa pasi. Nilijiona mtu.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Okelo, mwalimu wa zamani, mtu wa polepole mpaka inakera. Akiingia katika boma la mtu, karatasi hakutoa. Alikaa, akaletewa uji, akanywa, akauliza habari za ng'ombe, habari za mvua, nyumba ile ni ya nani na hii ni ya nani. Jua likianza kushuka ndipo akatoa kalamu. Boma moja kwa siku, labda mawili. Mimi nilikuwa nafanya mabomba kumi na zaidi, samahani, maboma, hata mkono wangu sasa unakimbia kama nilivyokuwa nakimbia wakati ule. Moyoni nilimwita mvivu. Leo ningempigia magoti.

Jambo jingine mnalopaswa kujua ni kwamba nililelewa misheni, kwa Waadventista. Baba yangu alikuwa na mke mmoja, naye ni mama yangu. Mambo ya boma lenye wake kadhaa niliyajua kwa kusikia, kama mtu anayejua kuogelea kwa kusimuliwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Rongo. Upande wa Rongo kulikuwa na soko, zahanati na barabara. Upande wao kulikuwa na udongo mzuri sana na hakuna njia ya kutoka. Kiangazi walivuka juu ya magogo mawili. Masika magogo yalichukuliwa na maji, na watu waliobaki ng'ambo walibaki huko, mgonjwa akiwa mgonjwa, mjamzito akiwa mjamzito. Walichotaka ni daraja. Hawakutaka kingine, niliwauliza.

Ulaya nayo ilitaka mahindi. Ilitaka mbegu mpya ipandwe kwa mistari, mashamba yote ya ndugu wa ukoo mmoja wa kijiji kile yakiwa yamepakana, mkaguzi wake aje ayaone yameota kwa wakati. Akiridhika, mfuko ungejenga daraja la kupitisha hayo mahindi. Asiporidhika, fedha zingehamia wilaya nyingine iliyokuwa inasubiri zamu. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na ni mimi niliyeyasimamia, na watu walinipigia makofi kambini kwa chifu. Kwa hiyo mjue tangu sasa kilichokuwa mezani: mahindi yaote, daraja lije.

Sasa fomu. Kila mwenye shamba alikuwa na yake. Jina lake. Ng'ombe wangapi. Jembe la kukokotwa, lipo au halipo. Baiskeli, ipo au haipo. Na mstari mmoja: jina la mke.

Nilifika kwa Mzee Ogutu saa sita mchana. Yeye ndiye aliyekuwa kaka mkubwa wa wale ndugu wote, baba yao alikwisha kufariki. Nilimkuta akichonga nira ya ng'ombe. Sikukaa.

"Jaduong', mke wako anaitwa nani?" nikamuuliza. Kwetu ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima.

Akacheka. "Yupi?"

"Taja mmoja tu. Hapa nafasi ni moja."

Mke mdogo, Adhiambo, ndiye aliyekuwa amesimama hapo na maji ya kunywa. Mzee akanyoosha kidevu kumwelekea. "Si huyu hapa. Andika huyu."

Nikaandika Adhiambo. Nikanywa maji yake, nikamshukuru, nikapanda baiskeli. Haikuchukua dakika tano.

Siku ya kugawa mbegu, sera ilisema gunia akabidhiwe mwanamke, maana mwanamke ndiye mpandaji. Ni sera nzuri, hata leo sina neno nayo. Nilisimama kambini kwa chifu nikaita majina kutoka kwenye fomu. Mbele kabisa alisimama mama mmoja wa makamo aliyevaa leso safi, mgongo umenyooka, na kikapu chake tayari. Huyo alikuwa Paulina, mke wa kwanza wa Ogutu, yule tunayemwita mikayi. Mimi sikumjua. Nikaita, "Boma la Ogutu! Adhiambo!"

Adhiambo mwenyewe alisita kutoka mstarini. Nikamhimiza, "Njoo, mama, usitucheleweshe!" Paulina alinitazama, akatazama gunia, akakunja kikapu chake akaondoka. Niliona. Nilidhani ni jua.

Mvua ikaja vizuri. Nikarudi siku ya tatu nikiwa na furaha zangu, nikitarajia kukuta watu wameinama mashambani. Mashamba yalikuwa yamelimwa, meusi, yamelowa, na hapakuwa na mtu. Wanaume walikuwa wamekaa kibarazani. Magunia ya mbegu yalikuwa ndani, hata kamba hazijafunguliwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mkaguzi afike, na mahindi yanahitaji kama juma moja kutokeza kichwa.

Nilimwendea Obure, mdogo wake Ogutu, mtu mchangamfu, Mkatoliki aliyependa kunitania juu ya Sabato yangu. Siku hiyo hakutania.

"Mnangoja nini?"

"Tunamngoja kaka."

"Na kaka yako anangoja nini?"

"Hana wa kupanda naye. Mikayi ameenda kwao, upande wa Ogwedhi."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kwao hakuna jembe linalotangulia jembe la kaka mkubwa. Na katika boma la kaka mkubwa, mbegu ya kwanza inatoka katika nyumba ya mke wa kwanza, baada ya mume kulala humo. Yeye akishaweka mbegu yake ardhini, wake wengine wanafuata, kisha mdogo wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Ukiruka, laana inakaa kwenye boma, na watoto ndio wanaoilipa.

"Kwa nini ameenda kwao?" nikauliza.

"Wewe ulimwita nani achukue mbegu?"

Nisiwafiche, aibu haikuwa jambo la kwanza kunijia. La kwanza lilikuwa hesabu ya siku. Na la pili ndilo lililo baya. Nilimvuta Obure kando nikamwambia kwa sauti ya chini apande shamba lake tu, mstari wa mbele, ule ambao mkaguzi atauona kutoka njiani. Nilimwambia Mungu haangalii nani ametangulia.

Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Wewe karani unakaa Homa Bay. Mambo yakiharibika utapanda baiskeli. Mimi nitazika hapa. Misa naenda kila Jumapili, lakini jembe langu haliruki la kaka yangu."

Nikaenda kwa Ogutu. Huyo ndiye aliyekuwa na kichwa kigumu. "Aliondoka na miguu yake," akasema, "atarudi na miguu yake." Nikambembeleza. Nikataja daraja. Akachonga nira yake kana kwamba sipo. Siku nzima ya pili nilishinda pale, na mawingu yakipita juu yetu, na wale ndugu wakitutazama kwa mbali. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Kwa hiyo nikafanya kosa la pili, nikaenda Ogwedhi mwenyewe. Sikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi vijana wa kiume. Usiende kwa shemeji za mtu kumchukua mke wa mtu. Nilifika siku ya soko la mifugo, vumbi na ng'ombe kila mahali, nikaulizia boma, nikaonyeshwa. Kaka zake Paulina watatu waliniketisha katikati yao, na hakuna aliyeniletea maji.

"Ogutu amekufa?" mmoja akauliza.

"Hapana."

"Anaumwa miguu?"

"Hapana, ni mzima."

"Basi wewe ni nani wa kuja kumchukua dada yetu?"

Nilianza kueleza habari za mfuko na sera na mkaguzi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyozidi kukunjamana. Mkubwa wao alikuwa na fimbo ya kuswagia ng'ombe magotini, akiigeuzageuza. Niliogopa, siwezi kutia chumvi wala kuipunguza. Kisha Paulina akatoka ndani, akaketi kwenye mkeka mbali kidogo.

"Umeibeba ile karatasi?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Fomu zote nilizibeba, nilidhani karatasi ni ngao.

"Isome. Yote."

Nikasoma. Jina la mwenye shamba, Ogutu. Mke, Adhiambo. Nikasema haraka, "Mama, wazungu waliweka nafasi moja tu."

"Endelea kusoma. Waliweka nafasi ya nini tena?"

"Ng'ombe, sita. Jembe la kukokotwa, lipo. Baiskeli, ipo."

"Baiskeli imeandikwa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo Ogutu akiulizwa huko Ulaya ana nini, watajua ana baiskeli."

Fimbo ya yule kaka mkubwa ikatulia. Aliendelea kusema kwa sauti ile ile, bila kunitazama. Alisema alifika katika boma lile kukiwa na nyasi tu, yeye na Ogutu wakakata miti ya nyumba ya kwanza. Alisema mtoto wake wa tatu alishikwa na homa wakati wa masika, akambeba mgongoni mpaka mtoni, na magogo hayakuwepo. Alikaa ukingoni kuanzia asubuhi akitazama paa la zahanati ng'ambo, mpaka mtoto akaacha kulia. "Ni mimi niliyemwambia Ogutu akubali mahindi yenu," akasema, "kwa ajili ya daraja hilo."

Nililia mbele ya wanaume watatu wenye fimbo. Nikatoa kalamu, nikamwambia nitaandika jina lake sasa hivi, juu kabisa.

"Weka kalamu. Mimi sirudishwi na karani. Mwambie Ogutu aje."

Nilirudi nikiendesha baiskeli kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Nikamkuta Ogutu mahali pale pale. Safari hii sikumbembeleza. Nilisoma ile fomu kama nilivyomsomea mkewe, mpaka kwenye baiskeli, kisha nikamwambia alichosema mkewe. Mzee aliweka shoka chini. Akaingia ndani, akatoka na ile baiskeli yake, akaniuliza kama nina pampu ya kumwazima.

Alikaa Ogwedhi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi tuliwaona wakija juu ya kilima, Paulina mbele akitembea bila haraka, na Ogutu nyuma yake kwa miguu. Mashemeji walikuwa wamebaki na baiskeli. Obure alicheka mpaka akaketi chini, na mimi nilicheka naye, kicheko cha mtu aliyekuwa amesahau kupumua.

Kesho yake asubuhi Paulina aliweka mbegu yake ya kwanza ardhini. Adhiambo akafuata, na mikayi mwenyewe ndiye aliyempa nafasi ya mstari. Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa umepanda, mistari imenyooka kama sera ilivyotaka. Nilifuta kilichoandikwa kwenye nafasi ile ya fomu, nikaandika majina yote mawili, Paulina juu. Lakini zilikuwa zimebaki siku tatu mkaguzi afike. Siku tatu mahindi hayawezi.

Alifika na Landrova ya serikali, akaiacha ukingoni akavuka kwa magogo, ambayo maji yalikuwa bado hayajayachukua; mzungu mrefu mwenye adabu, akavua kofia kuwasalimia wazee. Kabla hajafika shambani Obure alininong'oneza, "Sema kanga wamefukua mbegu, tumepanda mara ya pili. Kanga hawana wa kuwatetea."

Ulikuwa uongo mzuri. Kanga walikuwa wengi kweli, na kila mkulima angetikisa kichwa kukubali. Bwana Okelo alikuwa amelala kitandani kwa malaria huko Homa Bay, sikuwa na wa kumuuliza. Nilimwambia Obure kwamba mimi sisemi uongo.

Mkaguzi alitazama udongo mtupu. Akafungua daftari lake. Akauliza, nami nikatafsiri kwa sauti ili wote wasikie: nani amechelewesha upandaji?

Ogutu akainua mkono. "Mwambie ni mimi."

"Mwambie ni mimi niliyeondoka," akasema Paulina.

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni mimi. Nikaeleza yote, nafasi moja, kugawa mbegu, Ogwedhi, baiskeli. Niliongea muda mrefu, na nakiri kwamba kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyojisikia mtu safi. Mkaguzi aliandika kila neno. Akaomba ile fomu, akaisoma mara mbili, akasema fomu hizi zilitungwa ofisini kwao na hakuna aliyewahi kuwauliza jambo hilo. Akampa Paulina mkono. Akaomba aondoke na fomu, nikampa.

Nilirudi Homa Bay nikiimba nyimbo za kanisani njia nzima. Nilijua tumepata.

Barua ilifika baada ya wiki kadhaa. Iliandikwa kwa heshima kubwa. Ilinishukuru kwa ukweli wangu. Ilisema kwamba kwa kuwa mratibu mwenyewe amekiri kuwa kuchelewa kulitokana na kosa la ofisi yake, kanuni haziruhusu fedha kutolewa, na daraja litajengwa katika wilaya iliyokuwa inafuata. Pamoja na barua kulikuwa na kifurushi cha fomu mpya, zenye nafasi nne za majina ya wake.

Bwana Okelo aliisoma, akaikunja. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ni yeye aliyepaswa kwenda nami mara ya kwanza, akaenda dirishani akakaa huko.

Nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Hilo mlifanye siku zote, habari mbaya msiipe posta. Obure alienda zake bila kuniaga. Paulina nilimkuta shambani, akipalilia. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, mazuri ajabu, sijaona mazuri kama yale. Nikamweleza. Nikamwonyesha fomu mpya, mpumbavu mimi, nikamwonyesha na zile nafasi nne.

Aliegemea jembe. "Ulipomwambia mzungu yale yote, ulijua hatatupa daraja?"

"Sikujua, mama. Nilidhani ukweli utatusaidia."

"Na Obure alikuambia useme kanga."

"Aliniambia."

Akatazama upande wa mtoni. Maji yalikuwa yameanza kujaa, yalisikika mpaka pale tulipokuwa.

"Nimefurahi umeandika jina langu," akasema. "Lakini ungeniuliza mimi kwanza, nyathina, mwanangu. Mimi ningesema kanga."

Kisha akaniambia nisogee, maana nilikuwa nimesimama juu ya mstari wake, akaendelea kupalilia.